Ziba Ufa Kabla ya Mvua

Haya ni mazungumzo tuliyokuwa nayo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia mwezi wa Agosti. Tumeyaandika hapa ili wale ambao hawakufika wayapate pia. Mmoja wenu asome kwa sauti katika mkutano wa kikundi, kisha mjadiliane maswali yaliyo mwishoni.

  Tunajua wengine wenu mmetembea tangu alfajiri, na wengine mmeacha mahindi yametandazwa uani huku mkiomba kuku wasiyamalize. Kwa hivyo hatutawaweka sana.

Leo hatukuja na mradi mpya. Hakuna fomu ya kujaza, na hakuna mfadhili aliyejificha nyuma ya mlango. Tumekuja kuzungumza juu ya vitu ambavyo mko navyo tayari: nyumba, mahindi, na shilingi chache. Kila mwaka tunapotembelea vikundi mwezi wa Desemba na Januari, tunakuta mambo ni yale yale. Mahindi yaliyovunwa mwezi wa Agosti yamekwisha au yameharibika. Paa linavuja juu ya kitanda cha watoto. Maji ya mvua yalipita mbele ya mlango yakaenda mtoni, na sasa mama anayafuata huko huko mtoni na mtungi mgongoni. Na karo ya Januari inatafutwa kwa mikopo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tunaijua sote tangu shule ya msingi. Lakini tujiulize, ufa huzibwa lini? Hauzibwi mvua ikinyesha. Hapa kwetu Ukambani mvua ya vuli, ile ya Oktoba hadi Desemba, ndiyo tunayoitegemea zaidi kuliko ile ya Machi hadi Mei. Ikianza tu, kila mkono uko shambani, na hata fundi yuko kwake akipanda. Miezi ya kuziba ni hii tuliyo nayo: Agosti, Septemba, na siku chache za Oktoba.

Tena nyufa hizi zimeshikana. Tundu la msumari kwenye bati linadondosha maji juu ya gunia. Gunia likilowa, mahindi yanashika kuvu. Kuvu inaingia kwenye unga, na unga unaingia kwenye sahani ya mtoto. Kwa hivyo tusiseme paa ni jambo la baba na ghala ni jambo la mama. Ni boma moja.

1. TUANZE NA MAHINDI

Tunaanza hapa kwa sababu hayangoji. Wazee mnaokumbuka mwaka wa 2004 mnajua. Mwaka huo, hasa katika sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, yaani aflatoksini, na 125 kati yao walikufa. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1981 watu 12 walikufa Machakos kwa sumu hiyo hiyo. Wale wa 2004 hawakununua chakula kibaya kwa tajiri fulani. Wengi walikula mahindi ya shamba lao wenyewe. Yalihifadhiwa yakiwa na unyevu, na wengi waliyaweka ndani ya nyumba badala ya ghalani.

Sumu hii ina hila. Huwezi kuionja, na mara nyingine huwezi kuiona. Kuchemsha hakuiondoi, hata githeri likichemka kutwa nzima. Ukilisha ng'ombe mahindi yaliyooza, sumu huweza kupita kwenye maziwa na kumrudia mtoto. Mtu aliyekula nyingi huweza kutapika, tumbo likavimba na macho yakageuka manjano, kwa sababu ini limeharibiwa. Huyo apelekwe hospitali mara moja, asipewe dawa za kubahatisha.

Basi tufanye nini? Kausha juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Tandaza mahindi yasizidi unene wa vidole vitatu, uyageuze mara kwa mara, na jioni uyafunike au uyaingize ndani kwa sababu ya umande. Yale yaliyopasuka, yaliyobadilika rangi au yaliyoliwa na wadudu, yachambue na kuyatupa. Usiyachanganye na mazuri ati yaongeze gunia.

Utajuaje kwamba yamekauka? Wengi wetu tunauma kwa jino. Jino ni zuri, lakini kuna kipimo bora zaidi ambacho hakina gharama. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, kama ile ya soda kubwa. Tia mahindi mpaka theluthi moja ya chupa. Ongeza vijiko vichache vya chumvi iliyokauka. Funga kifuniko, utikise kwa dakika mbili au tatu, kisha uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Chumvi ikianguka chini yote na chupa ikabaki safi, yamekaribia kuwa tayari. Hata hivyo yape jua la siku moja zaidi, kwa sababu mahindi ya kuweka yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na chupa haiwezi kupima mpaka hapo. Kikundi kikipata mtu mwenye mashine ya kupima unyevu, ni vizuri zaidi.

Halafu kuhifadhi. Magunia yasiguse sakafu wala ukuta. Yapandishe juu ya mbao au mawe, na uache nafasi ya kupitisha mkono. Kama una ghala la miguu, vika kila mguu bati la kuzuia panya, karibu mita moja kutoka chini, na usiegemeze jembe wala ngazi hapo, maana panya naye anajua kupanda ngazi. Kuna pia ile mifuko isiyopitisha hewa, yenye karatasi mbili za plastiki ndani na gunia nje. Ukikamua hewa yote na kufunga kila karatasi peke yake, wadudu hukosa pumzi wakafa, na huhitaji dawa ya unga. Lakini mfuko huo haukaushi mahindi. Ukitia mabichi utayatoa yameoza.

Mnajua kwa nini tunasisitiza haya? Kwa sababu mtu asiyeweza kuhifadhi hulazimika kuuza. Broka akifika na lori lake mwezi wa Agosti, anajua wewe unaogopa wadudu. Bei anaipanga yeye, na wewe unapokea tu.

2. PAA NA KUTA

Sasa tupande juu. Siku ya jua kali, saa sita mchana, ingia ndani, funga milango na madirisha yote, utazame juu. Mahali unapoona nyota mchana, hapo ndipo pataingia maji. Tia alama ya chaki au mkaa kwenye mbao iliyo karibu na kila tundu, ili fundi asihangaike kutafuta.

Tundu dogo la msumari huzibwa kwa kipande cha raba au kitambaa kilichopakwa lami. Msumari uliolegea, ung'oe, uzibe tundu lake, upige mwingine kando yake kwenye mbao nzima. Misumari ya mabati yenye raba hupigwa kwenye mgongo wa wimbi la bati, si bondeni. Bondeni ndiko maji yanakopita, na ukipiga msumari pale umejitengenezea kisima cha ndani.

Kama unanunua bati jipya, uliza geji. Wengi hudhani namba kubwa ni bati nene. Ni kinyume chake: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ni jepesi kuliko yote mawili. Bati jepesi ni la bei nafuu leo, lakini upepo hulikunja na kutu hulimaliza mapema. Afadhali ununue mabati mawili mazuri mwaka huu na mawili mwaka ujao, kuliko manne ya karatasi.

Angalia pia kama paa limefungwa kwa ukuta. Upepo wa mvua ya kwanza huingia chini ya paa na kulisukuma juu. Waya mzito au ukanda wa chuma unaoshika mbao za paa mpaka ndani ya ukuta ni gharama ndogo, na husaidia nyumba isibaki bila kofia.

Chini nako, chimba mtaro wa kupeleka maji mbali na msingi. Matofali yanayolowa kila mvua huliwa kidogo kidogo. Udongo na nyasi visirundikwe ukutani, kwa sababu mchwa hupenda kupanda kwa siri. Mashimo kwenye kuta za udongo yakandikwe sasa, lepe ipate kukauka.

Na choo je? Kila mvua kubwa tunasikia choo kimezama. Inua udongo kukizunguka, uushindilie, na uchimbe mtaro upande wa juu wa mteremko. Kama unachimba kipya, kiwe umbali usiopungua mita 30 kutoka kisima, na kisiwe upande wa juu wa kisima hicho. Katika mvua za El Niño za 1997 na 1998, maji yalibeba uchafu wa vyoo mpaka visimani, na kipindupindu kikaenea katika sehemu nyingi za nchi. Mvua kubwa za mwisho wa 2023, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yametukumbusha kwamba jambo hilo halijapitwa na wakati.

Neno moja kwa wazee: ngazi mbovu imewalaza wengi hospitalini. Anayepanda awe kijana, ngazi ishikwe na mtu, na kazi isifanywe wakati wa upepo.

3. MAJI YALIYO JUU YA NYUMBA YAKO

Watu wengi hutuambia, "Sisi hapa hatuna maji." Tunawajibu, hesabuni kwanza. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba, hiyo ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa 5 ina mita za mraba 40. Mvua moja ya milimita 20, ambayo kwetu ni mvua ya kawaida ya usiku mmoja, inaleta lita 800 juu ya paa hilo. Tuseme sehemu moja ya tano inapotea kwa kuruka na kuvuja. Zinabaki lita 640. Hiyo ni mitungi 32 ya lita 20. Mtungi ngapi umebeba wiki hii, mama?

Twende mbele. Tangi la lita 5,000 likijaa mwisho wa mvua katikati ya Desemba, na familia itumie mitungi miwili kwa siku ya kunywa na kupika tu, maji hayo yatakaa siku 125. Hiyo ni miezi minne, mpaka katikati ya Aprili, wakati ambapo mvua ya masika inatarajiwa kuwa imefika. Na ili lijae, paa lile la mita za mraba 40 linahitaji milimita 160 hivi kwa msimu mzima.

"Lakini tangi ni ghali!" Ni kweli, na hatutawadanganya. Ndiyo sababu tunasema anza na magata kabla ya tangi. Mwenye magata bila tangi atajaza pipa, mitungi na masufuria. Mwenye tangi bila magata ana nyumba ya mijusi tu, na nyumba kama hizo tumeziona. Gata liwe na mteremko wa sentimita moja kwa kila mita kuelekea kwenye tangi au pipa, na vishikio viwe karibu karibu lisije likapinda kwa uzito wa maji. Kata matawi yanayoning'inia juu ya paa.

Mvua ya kwanza iache ipite. Hiyo ndiyo inayoosha vumbi na mavi ya ndege. Tangi lioshwe kabla ya Oktoba, mdomo wake uwekwe wavu mzuri ili mbu wasizaliane ndani, na kifuniko kikae imara ili mtoto asitumbukie. Hata hivyo, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji ya paa ni safi kuliko ya mto, lakini ndege hawana choo.

Tusisahau vilevile kwamba kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo. Mtu anaweza kusema, magata yangesaidia nini wakati mvua haipo? Hata katika msimu mbaya kuna mvua mbili tatu zinazoanguka. Mahindi hayawezi kuishi kwa mvua tatu. Lakini pipa linaweza kujaa.

4. MFUKO UNAOVUJA

Sasa tuje kwenye pesa, na hapa tuzungumze kama watu wazima. Tuchukue familia ya watu sita wanaokula gorogoro moja ya mahindi kwa siku, karibu kilo 2. Kwa mwezi ni kilo 60. Kutoka Agosti mpaka mwisho wa Januari, kabla ya mavuno mapya, ni miezi sita, yaani kilo 360. Hiyo ni magunia 4 ya kilo 90. Basi kabla ya kuuza hata debe moja, tenga magunia hayo manne. Uyatie alama. Hayo si mali ya soko, ni ya tumbo.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme unauza magunia mawili kati ya hayo manne mwezi wa Agosti kwa shilingi 3,000 kila moja. Umepata 6,000. Desemba njaa inafika, na sokoni gunia ni shilingi 5,000. Unanunua mawili kwa 10,000. Umepoteza shilingi 4,000, na mahindi uliyokula ni yale yale. Bei za mwaka huu mnazijua ninyi wenyewe, wekeni za soko lenu muone jibu.

Na zile 4,000 za kuongeza zinatoka wapi? Mara nyingi ni mkopo wa simu. Tuseme mkopo unatozwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa shilingi 4,000 ni shilingi 300. Inaonekana kidogo. Lakini mtu hulipa leo akakopa tena kesho. Akizunguka hivyo mwaka mzima amelipa shilingi 3,600 juu ya deni la 4,000, na deni lenyewe bado liko. Simu haikuulizi kama mkopo ni wa mbegu au wa sherehe. Wewe ndiye wa kujiuliza.

Kuna atakayesema, "Mimi sina magunia manne. Nina mawili, na mtoto amefukuzwa shule." Ndugu yetu huyo tunamsikia, na hatuwezi kumwambia asiuze. Tunamwambia mambo mawili. Kwanza, kama ni lazima kuuza, anza na ndengu au mbaazi, au kuku wawili, kabla ya kugusa mahindi. Pili, hesabu siku zako. Magunia mawili ni miezi mitatu. Ni afadhali ujue leo kwamba Novemba patakuwa na pengo, uongee na kikundi mapema, kuliko kugundua siku ambayo gunia linakung'utwa.

Hesabu hii ifanywe na baba na mama wakiwa wamekaa pamoja. Tunajua kuna nyumba ambako gunia hutoka usiku bila mama kujua. Na kuna nyumba ambako gorogoro hutoka moja moja mchana bila baba kujua. Njia zote mbili zinafika kwenye ghala tupu. Yusufu kule Misri aliweza kuokoa nchi katika miaka saba ya njaa kwa sababu nafaka iliwekwa akiba mapema na ilijulikana iko wapi.

Na Januari? Sare, vitabu na karo havijawahi kukosa kufika mwezi huo. Kutoka sasa kuna kama wiki 20. Shilingi 100 kila siku ya soko ni shilingi 2,000. Haitamaliza karo, lakini itapunguza mkopo.

5. KIKUNDI KIFANYE NINI

Haya yote mtu mmoja akiyajaribu peke yake atachoka. Akina mama wa sehemu za kati za Kenya, miaka ya 1960 na 1970, walichanga pesa kidogo kidogo wakaezekana mabati nyumba kwa nyumba, mpaka vikundi vyao vikaitwa vikundi vya mabati. Nasi hapa tuna mwethya tangu zamani. Mwethya umechimba matuta, umejenga mabwawa ya mchanga, umejenga madarasa. Kwa nini usizibe paa la mwanachama?

Pendekezo letu ni hili. Vikundi vingi vina mzunguko, ule tunaouita meri-go-raundi. Tuseme mko watu 15, kila mmoja anatoa shilingi 200 kwa wiki. Ni shilingi 3,000, na mtu mmoja anazichukua. Akifika nyumbani kuna deni la duka, kuna sukari, kuna mgeni. Ijumaa hazipo. Sasa, kwa miezi hii michache tu, kikundi kingeweza kukubaliana kwamba nusu ya zamu itolewe kwa vitu: misumari, bati, gata, turubai, mifuko ya kuhifadhia. Wawili waliochaguliwa waende dukani pamoja na mwenye zamu, waulize bei katika maduka matatu, na warudi na risiti. Mkinunua vya watu kadhaa kwa pamoja mnaweza kupunguziwa bei, na usafiri mnachangia mmoja.

Halafu mwethya uingie. Mwenye nyumba analeta vifaa na chai, kikundi kinaleta mikono. Watu 15 wanaweza kumaliza mitaro na magata ya nyumba moja kwa siku moja. Nani aanze? Tunapendekeza wajane, wazee wanaoishi peke yao, na nyumba zenye watoto wachanga. Msianze na mwenyekiti.

Tunajua kuna atakayepinga. Atasema, "Zamu yangu ni pesa yangu, na shida zangu nazijua mimi." Ana haki kusema hivyo. Asilazimishwe. Mambo haya yaamuliwe katika mkutano, yaandikwe kwenye kitabu, na yawe na mwisho. Mkisema ni mpaka Oktoba, Oktoba ikifika mrudi kwenye mzunguko wa kawaida.

Na mweka hazina alindwe. Mtu mwema huharibiwa kwa kuachiwa pesa peke yake. Pesa zikitumwa kwa simu, ujumbe wake usomwe mbele ya wote. Zikienda benki, watie sahihi angalau wawili. Kila mkutano hesabu isomwe kwa sauti, hata kama ni shilingi 50 tu.

6. RATIBA YA MIEZI MITATU

Agosti: kausha, chambua, pima kwa chupa, tenga magunia ya kula. Fanya hesabu ya siku. Tazama paa kwa ndani saa sita mchana.

Septemba: sikilizeni redioni utabiri wa mvua ya vuli wa Idara ya Hali ya Hewa, ambao hutolewa mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba. Ziba paa, funga magata, chimba mitaro, imarisha choo. Weka kuni kavu mahali pasipolowa. Nunua mbegu kabla ya foleni.

Oktoba, kabla ya mvua: osha tangi, fagia magata, fungua magunia mawili matatu uangalie kama kuna joto, harufu au wadudu. Shona vyandarua vilivyotoboka, maana mvua huja na mbu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni nyumba ngapi zinazovuja? Ni zipi za kuanza?

2. Mwaka uliopita mahindi yetu yaliisha mwezi gani? Je, tuliyala, tuliyauza, au yaliharibika?

3. Ni wangapi wanadaiwa na mikopo ya simu leo? Kikundi kinaweza kusaidia vipi bila kumwaibisha mtu?

4. Je, tunakubali nusu ya zamu itolewe kwa vitu mpaka Oktoba? Kama hatukubali, tuna njia gani nyingine?

Ndugu zetu, tutakutana tena wiki ya mwisho ya Septemba mahali hapa hapa. Kila kikundi kije na majibu mawili tu yaliyoandikwa: nyumba ngapi zimezibwa, na kila familia ina magunia mangapi ya kula. Msije na hotuba. Atakayekuja na chupa yake ya chumvi tutapima mahindi yake hapa mbele ya wote.

Mungu awabariki, awafikishe salama nyumbani, na atupe mvua kwa kiasi.